Mgonjwa Naye Aulizwe

Mazungumzo ya leo yanawahusu zaidi ninyi mnaotusikiliza mkiwa mmeketi kando ya kitanda cha mgonjwa.

Iko methali ambayo sote twaijua: Mgonjwa haulizwi uji. Waliotuachia methali hiyo walikuwa na hekima. Mtu aliyelala na homa ukimwuliza, "Je, nikupikie uji?" atakuambia hapana, maana kinywa chake ni kichungu na tena hataki kukusumbua. Basi usimwulize. Teleka sufuria, koroga, mpelekee kikombe, naye atakunywa. Upendo haungojei kuombwa.

Lakini uko ugonjwa wa namna nyingine, ule ambao daktari amekwisha kuwaita jamaa kando na kuwaambia ya kwamba hautapona. Hapo mambo ya kuamua si uji tena. Je, mgonjwa aambiwe ukweli au afichwe? Abaki hospitali, au arudishwe nyumbani? Akishindwa kupumua, awekwe kwenye mashine? Ni nani atakayesema kwa niaba yake wakati yeye mwenyewe hawezi kusema? Azikwe wapi, na nani amwombee? Katika mambo haya makubwa twaona jamaa nyingi zikiishika methali ile ile ya uji. Ndugu wanaulizana wao kwa wao nje ya mlango. Wanapigiana simu kutoka Nairobi hadi Kakamega. Wanamwuliza daktari, wanamwuliza mchungaji. Mtu mmoja tu haulizwi, naye ndiye mwenye mwili.

Leo tungependa kufikiri pamoja nanyi juu ya neno hili moja: kwamba mtu anayekaribia mwisho wa safari yake anastahili kuulizwa angali anasikia, tena aulizwe kwa desturi ya nyumba yake, si kwa desturi ya kuazima.

Tuseme kuna mama mmoja mjane, amepita miaka 70, naye ana saratani ya koo. Chakula hakipiti, na uji wenyewe unapita kwa shida. Kifungua mimba wake, afanyaye kazi mjini, anataka apelekwe hospitali kubwa hata kama ni kuuza shamba, kwa sababu anaogopa watu wasije wakasema alimtupa mama yake. Wa pili, aliyebaki nyumbani, anasema fedha zimekwisha, mama aachwe apumzike. Binti anayemwuguza usiku anajua ya kuwa mama hulia kwa maumivu watu wakiisha kulala, lakini yeye ameolewa kwingine, na katika kikao cha ndugu hapewi nafasi ya kusema. Mjomba anangoja wazee wa ukoo wakutane. Kila mmoja anampenda mama huyu. Kila mmoja anasema, "Mama angetaka hivi." Na mama yuko chumba cha pili, akili yake ni timamu, anasikia sauti za watoto wake zikipanda, wala hakuna afunguaye mlango amwulize.

Mama huyo akifa, ugomvi haufi pamoja naye. Zipo nyumba ambazo ndugu hawakuketi tena meza moja tangu siku ya mazishi, wala si kwa ajili ya urithi. Ni kwa ajili ya neno moja: "Wewe ndiwe uliyemwua mama kwa kumtoa hospitali." Au: "Wewe ndiwe uliyemtesa kwa kumzungusha." Neno kama hilo haliwezi kujibiwa, maana aliyekuwa na jibu amekwisha kuzikwa.

Basi, kwa nini tunanyamaza? Tunanyamaza kwa sababu kwetu neno lina uzito. Wazee wetu waliamini ya kwamba baraka ya mzazi hujenga na laana yake hubomoa, na kwamba kutaja kifo mbele ya mgonjwa ni uchuro, ni kama kukifungulia mlango. Hofu hiyo tusiicheke. Ndani yake mna heshima kwa mgonjwa, na nia njema ya kumwachia tumaini. Mtu anayeingia katika nyumba kama hiyo akiwa na karatasi na kalamu, akamwuliza mzee waziwazi, "Ukifa itakuwaje?" hatapata jibu. Atapata kufukuzwa.

Lakini tukumbuke na jambo la pili juu ya wazee hao hao. Hawakupenda kufa kimya. Mzee alipoona jua lake linakuchwa, aliwaita wanawe. Aliwaonyesha mpaka wa shamba. Alitaja ni nani anayemdai mbuzi, na ni nani anayedaiwa naye. Alisema ni nani atakayemtunza mama yao. Katika makabila kadhaa aliwatemea mate kifuani au mikononi kuwa ishara ya baraka. Hayo yalikuwa nini, kama si kupanga mambo ya mwisho? Kwa hiyo mtu asituambie ya kwamba jambo hili ni la kizungu. Kilichokuja kutoka ng'ambo ni karatasi tu. Kuagana na kuagizana kulikuwako kwetu tangu zamani.

Hata karatasi yenyewe haina miaka mingi. Mwaka 1969 wakili mmoja wa Chicago, Louis Kutner, alitoa wazo la hati ambayo mtu huandika angali mzima, akieleza ni matibabu gani asiyoyataka siku atakapokuwa hajiwezi. Mwaka 1976 jimbo la California likawa la kwanza Marekani kuipa hati ya namna hiyo nguvu ya sheria. Hati hiyo ilishonwa kama nguo ya mtu mmoja: mtu anayejiamulia peke yake, anayetia sahihi peke yake. Nao Wamarekani wenyewe waliona ya kuwa nguo hiyo haikumkaa kila mtu. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Los Angeles, ambapo wazee 800 wa asili nne mbalimbali waliulizwa kama mgonjwa aambiwe kwamba ana saratani iliyokwisha kuenea mwilini. Kati ya kila wazee 100 wenye asili ya Ulaya, 87 walisema aambiwe. Kati ya wenye asili ya Meksiko walikuwa 65. Kati ya wenye asili ya Korea walikuwa 47 tu. Wengi wa hawa wawili wa mwisho walisema mambo kama hayo ni ya jamaa nzima, si ya mgonjwa peke yake. Mji ni mmoja, hospitali ni zile zile, lakini nyumba ni mbalimbali.

Ikiwa ni hivyo katika Los Angeles, itakuwaje katika Kenya yetu yenye makabila zaidi ya 40, na katika wodi moja ya hospitali ya misheni ambapo kitanda hiki amelala Mluo, cha pili Mmaasai, na cha tatu Mwislamu kutoka pwani?

Sasa tugeukie Maandiko Matakatifu, maana Biblia haikuliacha jambo hili bila mwanga.

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 19, twasoma habari za mzee Barzilai Mgileadi. Mfalme Daudi alipokuwa akimkimbia mwanawe Absalomu, Barzilai alimlisha yeye na watu wake. Vita vilipokwisha, Daudi akataka kumlipa wema. Akamwalika Yerusalemu akae katika nyumba ya mfalme, atunzwe huko mpaka mwisho wa maisha yake. Barzilai alikuwa na miaka 80. Akamshukuru mfalme, kisha akakataa. Akasema ya kwamba ulimi wake hautambui tena ladha ya chakula, wala masikio yake hayasikii tena waimbaji. Kwa nini awe mzigo kwa mfalme? Akaomba aruhusiwe kurudi kwao, afe katika mji wake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Na ule wema wa mfalme akaomba apewe Kimhamu, aliye kijana.

Tutazame alivyofanya Daudi. Yeye alikuwa mfalme. Alikuwa na nyumba bora, chakula bora, na bila shaka waganga bora kuliko wa Gileadi. Angeweza kusema, "Mzee huyu hajui linalomfaa, mchukueni." Hakusema hivyo. Alimbusu mzee, akambariki, akamwacha aende zake. Watoto mlio na uwezo mjini, mnaotaka kumleta baba katika nyumba yenye maji ya bomba na hospitali ya karibu, nia yenu ni njema kama ya Daudi. Basi, fanyeni na hili la Daudi la pili: sikilizeni jibu.

Tena tunaye Yakobo. Alikuwa mgeni katika nchi ya Misri, akijua ya kwamba atafia ugenini. Kwanza alimwita Yusufu peke yake, akamwapisha kwa desturi ya kwao ya kutia mkono chini ya paja, kwamba asimzike Misri. Baadaye akawaita wana wote 12, akawabariki, akarudia agizo lile lile mbele yao wote, akataja na jina la pango, Makpela. Hapo twaona hekima kubwa. Agizo lilisemwa kwanza kwa yule aliyeaminiwa, kisha likasemwa mbele ya wote, ili siku ya msiba asitokee mmoja wa kusema, "Baba hakuniambia mimi." Naye Yusufu alizitimiza desturi za nchi mbili pasipo kugombana. Waganga wa Misri walimpaka baba yake dawa siku 40 kwa desturi yao, Wamisri wakamlilia siku 70, halafu msafara ukapanda mpaka Kanaani, kwa maana ndivyo mzee alivyosema.

Wako wapendwa watakaotuambia, "Kuongea habari za kufa ni kukosa imani. Sisi tunaombea uponyaji." Ndugu, nasi tunaombea uponyaji. Lakini Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, unapohesabu mashujaa wa imani, unataja ya kwamba Yusufu alipokaribia kufa alitoa agizo juu ya mifupa yake. Jambo hilo halikuhesabiwa kuwa upungufu wa imani. Lilihesabiwa kuwa imani yenyewe. Mtu aweza kuombewa asubuhi na kuulizwa jioni, katika siku ile ile.

Turudi kwetu nyumbani. Wengi wenu mnakumbuka, au mmesimuliwa, habari za wakili S. M. Otieno aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika katika shamba lao upande wa Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, kwa desturi ya Kiluo. Mjane alisema mumewe alimwambia hivi. Wengine wakasimama mahakamani wakasema aliwaambia vile. Yeye aliyekuwa mwanasheria hakuacha maandishi juu ya jambo hilo. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Rufani, na ukoo ukashinda. Alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, baada ya miezi 5 na zaidi katika chumba cha maiti. Hatusemi ni nani aliyekuwa na haki. Tunasema tu ya kwamba watu wote wawili, mke na ukoo, walidai kumpenda na kumjua, na nchi nzima ikasikiliza wakishindana juu ya maneno ambayo yeye mwenyewe hangeweza tena kuyathibitisha.

Mwangalieni mwingine. Profesa Wangari Maathai, aliyefariki tarehe 25 Septemba 2011, alikuwa ameeleza ya kwamba hataki mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Naye akawekwa katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugu ya maji, kisha mwili ukachomwa Kariokor. Na katika makanisa yetu ya Kiprotestanti, Askofu Mkuu Manasses Kuria wa Kanisa la Kianglikana, aliyefariki mwaka 2005, mwili wake ulichomwa, kama wa mkewe Mary aliyemtangulia mwaka 2002. Wakristo wengi walishangaa, na wengine hawakupendezwa. Lakini mambo haya yanatufundisha tahadhari: tusidhani ya kwamba tukijua kabila la mtu, au dini yake, tumekwisha kujua moyo wake. Desturi hutuonyesha mlango wa kuingilia. Aliyemo ndani ni lazima aulizwe mwenyewe.

Na jirani yetu asiye wa kanisa letu je? Wauguzi wetu, nasi tunaotembelea wagonjwa, tuwe na adabu. Mgonjwa Mwislamu hutaka ageuzwe kuelekea Kibla, asomewe shahada na watu wake, na azikwe upesi, siku ile ile ikiwezekana. Tusimcheleweshe kwa sababu karani wa hospitali hajafika. Mgonjwa Mhindu hutazamia mwili wake uchomwe, na jamaa yake hupenda kuwapo karibu ili kufanya ibada zao. Kuwauliza watu hawa, "Je, kuna jambo la imani yenu ambalo tusilisahau?" hakupunguzi Ukristo wetu. Ni ujirani mwema tu, kama Bwana alivyotufundisha katika mfano wa Msamaria.

Sasa, tuulize nini? Na tuulizeje?

Mambo yenyewe si mengi. La kwanza: "Ungependa kujua kila kitu anachosema daktari, au ungependa tumwambie nani akupokelee?" Swali hili ni jema kwa sababu halimlazimishi mgonjwa kubeba habari asizotaka, wala halimfichi anayetaka kujua. La pili: "Ukizidiwa usiku, tukukimbize hospitali au tukae nawe hapa?" La tatu: "Nani aseme kwa ajili yako?" La nne: "Ni jambo gani unaloliogopa zaidi?" Mara nyingi jibu huwa si kifo. Huwa ni maumivu, au deni, au mtoto mmoja asiyesalimiana na mwenzake. La tano: "Ni nani ungetaka kumwona?"

Na namna ya kuuliza, kila nyumba ina njia yake. Ziko nyumba ambazo mwana hawezi kumwuliza baba yake jambo kama hili hata kidogo. Basi, atumwe mtu wa rika la baba, au ndugu wa baba, au mzee wa kanisa aliyebatizwa pamoja naye. Ziko nyumba ambazo mke hupata jibu ambalo wana hawatapata kamwe. Na karibu kila mahali katika nchi yetu uko mlango ulio wazi kuliko yote, nao ni mjukuu. Kati ya mjukuu na nyanya pana utani, na utani huweza kupita mahali ambapo heshima haipiti. Sikieni jinsi mazungumzo kama hayo yanavyoweza kwenda:

"Nyanya, ulisema umemwota babu. Alitaka nini?"

"Aliniita, mjukuu wangu. Nikamwambia angoje nimalize kuvuna mahindi."

"Na siku utakapokuwa umemaliza kuvuna, ungetaka akukute wapi, hapa au hospitali?"

"Hapa, ninaposikia ng'ombe wakirudi. Lakini msiniache niumie, mnasikia? Tena mwambie baba yako asiuze lile shamba la chini kwa ajili yangu. Watoto watakula nini?"

Kwa maneno hayo machache nyanya amepanga mambo matatu makubwa, na hakuna aliyetaja neno kifo. Kazi iliyobaki ni ya mjukuu kuyachukua maneno hayo mpaka kwa baba yake, na ya baba kuyarudia mbele ya ndugu wote, na nyanya akiwapo aitikie.

Juu ya lile la maumivu, hatuna budi kusema neno. Mwaka 1967 Cicely Saunders, daktari aliyewahi pia kuwa muuguzi, alifungua Hospisi ya Mtakatifu Christopher huko London, akafundisha ya kwamba mgonjwa asiyeweza kuponywa bado aweza kutunzwa. Mwaka 1990 ikaanzishwa Hospisi ya Nairobi, ya kwanza nchini mwetu, na leo ziko hospisi Nyeri, Meru, Eldoret, Kisumu na Mombasa, pamoja na vitengo vya huduma hiyo katika hospitali nyingine za serikali na za misheni. Iko dawa ya morfini ya maji, chungu kidogo mdomoni, ambayo mgonjwa hunywa nyumbani kwake, kwa kawaida kila baada ya saa 4, kwa kipimo cha daktari. Wengi huiogopa wakidhani ni dawa ya kumwua mtu au kumfanya mlevi. Ikitumiwa kwa kipimo kwa ajili ya maumivu, haifanyi hivyo. Humwezesha mgonjwa kulala, kula kidogo, na kuzungumza na watoto wake. Hata hivyo, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, kati ya kila watu 100 wanaohitaji huduma ya namna hii ulimwenguni, kama 14 tu ndio huipata. Wengine huikosa kwa umbali, wengine kwa sababu hakuna aliyewaambia ya kwamba iko. Basi, ninyi mmekwisha kuambiwa. Mulizeni daktari wenu.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi mgonjwa aharakishwe kufa. Imani yetu haikubali, na sheria ya Kenya hairuhusu. Lakini kuua ni jambo moja, na kuacha kumtesa mtu kwa mashine isiyomsaidia tena ni jambo jingine.

Sheria pia yatusaidia. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, na haki ya kukataa tiba akiisha kuelezwa matokeo yake. Tena inamruhusu kumtaja kwa maandishi mtu atakayeitikia tiba kwa niaba yake akiwa hawezi. Juu ya mali, sheria yetu ya urithi inakubali wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili au zaidi, mradi aliyeusema afariki katika muda wa miezi 3. Ikipita hapo, wosia huo hauna nguvu. Ule wa maandishi hautiwi mpaka wa miezi, nao hutiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili. Na ni vyema wasiwe warithi. Lakini juu ya mahali pa kuzikwa, mahakama zetu huyazingatia maneno ya marehemu pasipo kufungwa nayo kama zinavyofungwa na wosia wa mali. Ndiyo maana hatusemi, "Andikeni karatasi, yatosha." Karatasi iliyofichwa sandukuni haina nguvu kama neno lililosemwa mbele ya ndugu wote, wakaitikia. Fanyeni yote mawili: lisemwe, kisha liandikwe.

Na kanisa lifanye nini? Wachungaji na wazee, akina mama wa chama, mnapokwenda kumtembelea mgonjwa, msiimbe, mkaomba, mkanywa chai, mkaondoka. Mmoja wenu abaki nyuma kidogo. Aketi chini, si kusimama, maana aliyesimama ana haraka. Aulize swali moja tu, kisha anyamaze. Akiambiwa neno la siri, alitunze. Akiambiwa neno la kupeleka kwa watoto, alipeleke kabla ya Jumapili. Hata Bwana wetu, akiwa msalabani katika maumivu yale, hakuacha kumpangia mama yake mahali pa kukaa. Alimkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda, mbele ya macho ya wote wawili, na tangu saa ile mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake.

Kwa hiyo, wapenzi, endeleeni kupika uji pasipo kuuliza. Mkiisha kumnywesha mgonjwa wenu, mkampangusa kinywa, msiondoke na kikombe upesi. Ketini. Mwulizeni.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, wewe wayajua majina ya wagonjwa waliolala wakitusikiliza sasa. Wape wale wanaowauguza ujasiri wa kuuliza na uvumilivu wa kusikiliza. Patanisha ndugu wanaoshindana mlangoni. Punguza maumivu ya usiku huu, ukawatie nguvu wauguzi na madaktari. Nasi sote, wazima na wagonjwa, utufundishe kuagana vema. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji, mpaka juma lijalo Mungu akitujalia.